Kati ya Hana na Samweli: Jinsi Karama ya Kupambanua Inavyokomaa

Hotuba kwa wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi vya nyumbani, Nairobi

Bwana asifiwe.

Waheshimiwa wachungaji, wazee wenzangu, akina mama, viongozi wa vikundi vya nyumbani, nanyi vijana mliojipanga kule nyuma karibu na mlango: nawashukuru kwa kuitoa Jumamosi yenu, siku ambayo wengi katika mji huu hufua nguo, husuka nywele, huenda Gikomba kutafuta viatu vya watoto, au hulala tu usingizi walionyimwa wiki nzima. Nimeombwa nizungumze juu ya karama ya kupambanua roho, na hasa juu ya namna inavyokuzwa. Neno hilo la mwisho lilinifariji nilipolisoma katika barua ya mwaliko, kwa sababu mjini hapa karama hii husemwa kana kwamba ni stima: ama umeunganishiwa, ama uko gizani. Mimi nimekuja kusema kwamba karama hii hukua, kwamba hukua polepole, tena kwa kukosea na kukubali kusahihishwa mbele ya wengine, na kwamba yeyote anayedai kuipata yote katika kesha moja anastahili kuwa wa kwanza kupambanuliwa.

Nianze na neno lenyewe. Mtume Paulo analitaja katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 12, mstari wa 10, likiwa limeketi baina ya unabii na aina za lugha. Kwa Kigiriki ni diakrisis, yaani kutenganisha ili kuamua. Waliotutafsiria Biblia walichagua kitenzi cha kupambanua, nami nadhani walichagua vizuri kuliko tunavyojua. Sikilizeni lugha inavyofanya kazi: tunafunga, kisha tunafungua, tunaziba, kisha tunazibua, mambo hupambana, kisha mtu huyapambanua. Mawili yamekamatana hata hayajulikani lipi ni lipi, na mtu anatia mkono katikati yake. Hapo hakuna habari ya kumtazama mtu usoni na kusoma dhambi zake za mwaka juzi, wala ya kutaja namba ya simu yake mbele ya umati, mambo ambayo siku hizi ndiyo yanayoitwa upambanuzi. Ni kazi iliyo karibu zaidi na ile ya nyanya aliyeketi kizingitini na ungo wa maharagwe mapajani, akiongea na jirani, huku vidole vikiokota kijiwe na kukitupa pasipo yeye kukatiza sentensi. Hakuna aliyezaliwa na vidole hivyo. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mtu wa kwanza ninayetaka tumtazame ni kuhani Eli, ambaye hatumheshimu sana kwa sababu ya wanawe. Katika sura ya kwanza ya Kitabu cha Kwanza cha Samweli, Hana yuko hekaluni Shilo, moyo umemjaa uchungu, midomo inatikisika na sauti haisikiki. Eli yuko kitini pake, karibu na mwimo wa mlango, akiutazama mdomo wa yule mama. Anatazama kwa makini kabisa, naye anakosea kabisa: anamdhania mlevi, na anamkemea. Mwanamke mwenye maombi ya kweli kuliko yote yaliyowahi kuombwa mahali pale anaambiwa aachane na divai. Tunapoharakisha kufika kwenye kuzaliwa kwa mtoto, tunaruka jambo la maana sana, nalo ni kwamba Hana alimjibu kuhani kwa heshima akamweleza hali yake, na kuhani akasikia, akaiacha hukumu yake palepale, akambariki.

Geuzeni ukurasa mmoja au miwili. Miaka imepita, macho ya Eli yameanza kupofuka, na usiku mtoto anamjia mbio akisema ameitwa. Mara ya kwanza Eli anamrudisha kulala. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu, Maandiko yanasema, Eli akatambua ya kuwa Bwana ndiye aliyemwita yule mtoto. Alipokuwa na macho mazima alimwona mtu wa Mungu akamwita mlevi. Alipokuwa karibu kipofu aliisikia sauti ambayo hata hakuambiwa yeye, akaijua. Biblia haituambii ni nini kilichofanyika ndani ya Eli kati ya Hana na Samweli. Lakini mimi siwezi kuamini kwamba mzee aliyewahi kumtukana mama mwombaji, kisha akamwona mama huyo akirudi na mtoto mkononi, aliendelea kuhukumu kwa haraka ile ile. Angalieni pia kwamba hata usiku ule hakutambua mara moja. Alihitaji mara tatu.

Nimemkaribia Eli kwa sababu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mzee wa kanisa, ilikuja mezani kwetu orodha ya vijana wa kuongoza sifa. Kulikuwa na kijana mmoja ambaye roho yangu, kama tunavyopenda kusema, haikumkubali. Alikuwa akichelewa, hakutazama watu machoni, alisinzia wakati wa mahubiri, na maombi ya Ijumaa hakuyakanyaga. Nilisema katika kikao, kwa sauti ya upole ambayo ninaionea haya hadi leo, kwamba nasikia mzigo juu ya kijana huyu, kwamba kuna kitu. Katika kanisa, mzee akisema kuna kitu, hakuna anayeuliza ni kitu gani. Jina likakatwa. Baada ya miezi minane nilikwenda kwenye mazishi, nikajua kwamba mama yake alikuwa mgonjwa kitandani muda wote huo, na kwamba kijana alikuwa akimgeuza, akimwosha na kumpa dawa usiku kucha kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Kweli kulikuwa na kitu, nacho kilikuwa upendo, mimi nikakiita roho chafu. Nilimwomba msamaha, na ameniruhusu niyasimulie haya bila kumtaja. Tangu siku ile, nikisikia ndani yangu neno kwamba kuna kitu, najiuliza kwanza kama nimewahi kufika nyumbani kwa mtu huyo.

Hapa ndipo mji wetu unapotuponza. Nairobi humfundisha mtu kushuku kabla haijamfundisha kuvuka barabara. Umeshuka basi kutoka mashambani, na kabla hujafika Tom Mboya umeshapishana na mchezo wa pata potea, na mtu anayedai ameokota pochi mgawane, na simu ya yule anayesema ametuma pesa kwako kwa makosa, huku ujumbe aliokutumia ukifanana na wa kweli hadi kwenye nukta. Basi tunajifunza, kisha tunaingia kanisani na ujuzi huo tukaubatiza jina la karama. Lakini kushuku na kupambanua ni vitu viwili. Anayeshuku ameshaamua kabla ya kutazama. Anayepambanua anatazama ili aamue, na yuko tayari kukuta jema. Tena nimeona jambo la ajabu katika miaka yangu ya uzee wa kanisa: wanaotapeliwa vibaya zaidi katika mambo ya imani si wepesi wa kuamini kila mtu, bali ni wale wasiomwamini mtu yeyote isipokuwa mmoja. Mtu anamshuku jirani, anamshuku mchungaji wake, anamshuku daktari, anamshuku hata mkewe, halafu uaminifu wote aliowanyima hao anaubeba kama gunia moja na kuutua miguuni pa mtumishi aliyemwona mara mbili.

Wala ukaguzi peke yake hautoshi. Wagibeoni walipomjia Yoshua wakijifanya wametoka nchi ya mbali, na mikate iliyokauka na kuingia koga, na viriba vilivyoraruka, na viatu vilivyotiwa viraka, wazee wa Israeli hawakuwa wajinga. Walivikagua vyakula vile. Ushahidi ulikuwa mbele yao, nao wakausoma kama ulivyopangwa usomwe. Yoshua sura ya 9, mstari wa 14, yasema hawakutaka shauri kinywani mwa Bwana. Ujanja wa mjini hukutana na ujanja uliouzidi. Hilo linatosha juu ya Wagibeoni.

Lakini kuna kisa ambacho natamani kila kiongozi aliyeko hapa akisome tena leo, nacho kimo katika sura ya 13 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Mtu wa Mungu, ambaye hata jina hakupewa, anatoka Yuda kwenda Betheli kumkabili mfalme Yeroboamu madhabahuni. Mkono wa mfalme unakauka, unaponywa kwa maombi ya mtu huyo, na mfalme anamwalika nyumbani kwa chakula na zawadi. Anakataa. Ameagizwa na Bwana asile mkate huko, asinywe maji, wala asirudi kwa njia aliyojia. Angekufa siku ile tungemwita shujaa, kwa kuwa alishinda vitisho vya ikulu na pia fedha ya ikulu, na sijui ni wangapi kati yetu wangeikataa ya pili.

Kisha anaketi chini ya mwaloni. Amechoka, hajala. Ndipo anapofikiwa na nabii mzee wa Betheli, anayemwambia kwamba yeye pia ni nabii kama yeye, na kwamba malaika amesema naye kwa neno la Bwana, amrudishe nyumbani ale na kunywa. Mwandishi wa kitabu anaongeza kwa ufupi wa kutisha kwamba alimwambia uongo. Mtu wa Mungu akarudi, akala, akanywa, na njiani simba akamwua, kisha simba na punda wakasimama kando ya maiti.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila mara kinanikereketa, maana mwongo anabaki hai na aliyedanganywa anakufa. Sitajaribu kukilainisha. Lakini tazameni vitu vilivyomwangusha. Mvi za mzee. Cheo kinachofanana na chake. Malaika, ambaye hakuna aliyemwona. Na njaa. Mfalme alizungumza lugha ya dunia, na lugha hiyo aliijua na kuikataa. Mzee alizungumza lugha ya nyumbani, ya madhabahuni, ya neno la Bwana limenijia. Kikulacho ki nguoni mwako. Wala hakuuliza swali moja ambalo lingemwokoa: ikiwa Mungu aliniagiza mimi mwenyewe jambo lililo wazi, kwa nini alibadilishe kupitia kinywa cha mwingine, tena kwa faraja ya tumbo langu?

Nchi yetu ilipata kisa chake. Mwezi wa Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, na kabla ya kazi ile kwisha miili zaidi ya 400 ilikuwa imetolewa, mingi ya watoto, ya watu walioambiwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Yaliyo ya mahakama nayaachia mahakama. Mimi nakumbuka tu tulivyozungumza hapa Nairobi wiki zile, kazini na ndani ya matatu: tuliwaita wajinga. Kati yao walikuwamo watu waliosoma na watu waliokuwa na kazi za mshahara. Nao hawakuambiwa siku ya kwanza waache kula. Walianza kuambiwa shule si ya Mungu, kisha hospitali si ya Mungu, na kila hatua ilipokubaliwa ile iliyofuata ilionekana fupi. Roho ya kupambanua ilipaswa kuamka kwenye hatua ya kwanza, ile ndogo, ambayo mtu angeweza kuipinga na bado akaenda nyumbani kula chakula cha jioni na watoto wake.

Basi inakuaje? Waraka kwa Waebrania, sura ya 5, mstari wa 14, unasema chakula kigumu ni cha watu wazima, ambao akili zao, kwa kutumiwa, zimezoezwa kupambanua mema na mabaya. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa zimezoezwa ndilo lililozaa jina la ukumbi wa mazoezi ya mwili, ule ambao vijana wetu huuita jimu. Na neno lililotafsiriwa akili lahusu milango ya fahamu: kuonja, kugusa, kusikia. Mwandishi haongei juu ya habari zilizojaa kichwani. Anaongea juu ya ulimi ulioonja mara nyingi.

Hapo niruhusuni niseme kama mtu wa kazi yangu. Nilihesabu fedha za watu dirishani benki kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na wahubiri hupenda kusema kwamba makarani wa benki hufundishwa noti halali peke yake, wasiguse bandia hata siku moja. Ni mfano mzuri, ila mimi nilikuwako, na bandia tulionyeshwa. Lakini kiini chake ni kweli. Kilichonifundisha ni maelfu ya noti halali zilizopita vidoleni kila siku, hata bandia ilipokuja, kidole kilisita kabla jicho halijajua sababu. Kisha mwaka 2019 zikatolewa noti mpya, na ile ya zamani ya shilingi elfu moja ikakoma kutumika mwisho wa Septemba. Kwa majuma kadhaa sisi wakongwe tulikuwa kama wanafunzi. Vidole vyangu vyenye ujuzi wa miaka viliisitia noti halali kwa sababu tu ilikuwa ngeni. Nimeyaona hayo kanisani pia: mzee aliyezoea namna moja ya kazi ya Roho anaikataa nyingine iliyo halali kwa kuwa karatasi yake haifanani na ile ya zamani. Wazee wa jangwani, yaani watawa wa kale wa Misri, ambao mtawa Yohane Kasiano aliyaandika mafundisho yao katika karne ya 5, walimlinganisha mtu mwenye kupambanua na mbadilishaji fedha stadi, anayetazama kama dhahabu ni safi, kama sura iliyochorwa ni ya mfalme halali, na kama uzito umetimia. Nilipolisoma hilo baada ya kustaafu nilicheka peke yangu sebuleni.

Noti halali za Mkristo ni Maandiko, yakisomwa kila siku na kwa ukamilifu wake, si mistari kumi inayozunguka kwenye simu. Watu wa Beroya waliitwa waungwana kwa kuwa walilipokea neno la Paulo kwa moyo wa utayari, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo. Paulo hakukasirika. Siku utakapomuuliza mtumishi wa Mungu imeandikwa wapi, akakujibu kwamba usiguse masihi wa Bwana, umeshapata nusu ya jibu lako.

Kuna zoezi la pili, ambalo sisi wa makanisa ya uamsho tumelidharau kwa sababu lilitoka upande wa pili wa barabara, kwa Wakatoliki. Mwaka 1521 askari mmoja wa Kihispania, Ignasio wa Loyola, alivunjwa mguu na mzinga huko Pamplona, akalazwa nyumbani kwao kwa miezi mingi. Aliomba vitabu vya mashujaa wa upanga. Vilivyopatikana vilikuwa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Akawa akiwaza mambo mawili kwa zamu: ushujaa mbele ya mwanamke wa heshima, na kuishi kama watakatifu wale. Yote mawili yalimfurahisha alipokuwa akiyawaza. Tofauti ilikuja baadaye. Mawazo ya kwanza yakiisha yalimwacha mkavu na asiyetosheka, na ya pili yakiisha yalimwacha mchangamfu. Ikampita siku nyingi bila kuona, hadi jicho lilipomfunguka kidogo. Shirika alilolianzisha, la Wajesuiti, linafundisha teolojia papa hapa Nairobi katika chuo cha Hekima, Barabara ya Ngong, na wale ndugu wana desturi ya kuipitia siku yao mbele za Mungu, wakiuliza ni wapi moyo ulifunguka na ni wapi ulijikunja.

Nalipenda somo hili kwa kuwa linaelekeza macho kwenye kinachobaki jambo likishapita. Katika mikutano yetu tunapima roho kwa joto la wakati ule: watu walianguka, watu walilia, sauti ya kinanda ilipanda. Jiulize Jumanne. Neno lile ulilopewa Jumapili limekuacha na nini siku ya Jumanne, ukiwa Jogoo Road katika msongamano? Hofu inayokusukuma utume pesa kabla ya saa sita usiku, au utulivu unaokuwezesha hata kungoja? Roho wa Mungu huweza kuhimiza kwa nguvu, lakini sijawahi kumwona akimzuia mtu asilale juu ya jambo usiku mmoja akaliombea. Wanaotaka jibu kabla hujanyanyuka kitini ni wa pata potea.

La tatu ndilo gumu kwetu. Karama hii haikomai ndani ya mtu mmoja aliyejifungia. Kasiano anasimulia habari za mzee Heroni, aliyekaa jangwani miaka 50 kwa kufunga na upweke uliowapita wenzake wote, hata siku ya Pasaka akakataa kula na ndugu zake asije akalegea. Mwisho alitokewa na aliyedhani ni malaika, akaambiwa ajitupe kisimani usiku, kwa kuwa wema wake ungemlinda. Alijitupa. Wakamtoa nusu mfu, na hata hapo hawakuweza kumshawishi kwamba alidanganywa. Akafa siku ya tatu. Hakukosa maombi wala kufunga, jamani. Alikosa mtu wa kumwambia subiri kwanza.

Wazee wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda na kufika Kenya kabla ya miaka ya 1930 kwisha, walilijua hili. Kwao kutembea nuruni kulimaanisha kuleta jambo lako mbele ya ndugu, la dhambi na la uongozi pia: nataka kuoa, nasikia nimeitwa, nimeota ndoto. Ndugu wakasikiliza, wakaomba, wakasema. Najua walivuka mpaka mara nyingine, wakaingilia hadi mtindo wa nywele za akina mama, na wengine mliolelewa katika nyumba hizo mnanitazama kwa jicho hilo. Lakini ilipofika miaka ya 1950, wakati wa Mau Mau, wengi wao waliweza kukataa kiapo na vilevile kukataa bunduki ya serikali, na uamuzi wa namna hiyo mtu haufikii peke yake gizani. Penye wengi hapaharibiki neno.

Paulo anaagiza hivyo hivyo katika sura ya 14 ya waraka ule ule, mstari wa 29: manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Ni shina lile lile la diakrisis. Nawauliza viongozi wenzangu: katika ibada zetu, wapambanue hawa ni akina nani, na huketi wapi? Nabii tumempa kipaza sauti, tumempa gari, tumempa bango lenye namba ya paybill. Wale wengine hatukuwapa hata dakika tano. Kanisa la kwanza lilikuwa na vipimo vya kawaida kabisa. Maandishi yaitwayo Didake, ambayo wanazuoni wengi huyaweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa ya 2, yanasema mtume mgeni akikaa siku tatu ni nabii wa uongo, na akiomba fedha ni nabii wa uongo, na kwamba anatambulika kwa mwenendo wa Bwana ulio ndani yake. Napendekeza kwamba neno lolote la unabii linalomgusa mtu binafsi katika kanisa letu liandikwe, lisomwe na wazee watatu akiwamo mama mmoja, na mhusika aachwe angalau wiki mbili kabla ya kutenda. Likiwa la Mungu, wiki mbili hazitaliharibu.

Na neno lolote linalomwambia mgonjwa aache dawa lisingoje hata hizo wiki mbili. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu ya kifafa, ambacho katika vijiji na mitaa yetu bado kinaitwa pepo na watu wanaojiona wamepambanua, hali dawa zake zipo na watoto wengi wakizinywa sawasawa huacha kuanguka. Mwombeeni mtoto, muwekeeni mikono, kisha mmpeleke kliniki tarehe yake ikifika.

Mama anayesimamia chai ananionyesha saa. Kwenye kila kiti kuna kipande cha karatasi. Andikeni jambo moja lililo mbele yenu sasa hivi ambalo hamjui kama ni sauti ya Mungu, ya woga wenu au ya mtu mwingine: kazi ya Dubai, mchumba, mkopo, huduma mliyoambiwa mnaitiwa. Msiandike majina. Chini yake andikeni lilivyowaacha mara ya mwisho mlipoliwaza. Kisha geukeni kwa mmoja aliye karibu, msiyeishi naye nyumba moja, mmsomee, naye asitoe unabii wowote. Aulize tu swali moja. Mnazo dakika kumi kabla ya chai.